Mtoto wangu amekubali nguchiro aongee, ila mtumbwi ameukataa. Tujadili hadithi za wanyama wanaohangaika kubaki hai

Baba Nguchiro (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Juzi usiku nimeshtakiwa na mtoto wa miaka saba na kesi nimeshindwa, kwa hiyo naileta kwenu kama rufaa.

Wiki ya tatu sasa, kila usiku namsimulia binti yangu hadithi ninayoitunga mwenyewe palepale kitandani. Nguchiro mdogo amepotezana na kundi lake siku ya mafuriko. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Hamna mfalme, hamna jini, hamna pete ya ajabu. Usiku wa kwanza alitafuta kichuguu cha kulala. Wa pili akaokota yai akashindwa kulivunja. Wa tatu mwewe akampitia juu. Nilijua ndani ya siku nne atachoka nimrudishe kwa Sungura na Fisi, lakini wapi! Siku hizi anafika kitandani kabla sijamwita, na meno kapiga mswaki bila kusukumwa.

Sasa juzi nilichoka mimi. Macho mazito, kazi bado imenisubiri mezani, nikataka kuifunga. Nguchiro yuko juu ya kichuguu, maji yanapanda, nikaleta mtumbwi. Mvuvi mwema akambeba, akamfikisha kwa mama yake, wakaishi raha mustarehe. Nikazima taa.

Kimya. Halafu sauti gizani: "Baba, mtumbwi umetoka wapi?"

Nikasema umetoka mtoni.

"Jana ulisema watu wote wameshahama."

Nikakosa jibu. Akasema, "Umedanganya," akageukia ukutani.

Huyu ni mtoto anayekubali kwamba nguchiro anaongea, anamkumbuka bibi yake na anajipa moyo usiku. Hayo yote yamepita bila swali. Mtumbwi mmoja tu umekwama. Nauliza mawili: watoto wanapenda nini kwenye hadithi hizi za mnyama mmoja, njaa na baridi? Na kwa nini uongo mwingine wanaumeza na mwingine wanautema?

Chiriku

"Umedanganya", akageukia ukutani! Nimecheka peke yangu watu wakanigeukia. Natandika mkeka hapa.

Mwalimu wa Wadogo

Baba Nguchiro, nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi na nakwambia mtoto wako hana tofauti na wenzake. Nikisoma darasani hadithi ya mtoto wa watu aliyepotea, maswali yanayokuja ni: mama yake yuko wapi? kwa nini hawamtafuti? nani atapigwa? Yaani kesi ya wakubwa. Wapo wanaonyong'onyea kabisa, maana wanachokisikia wao ni kuachwa.

Nikisoma ya mnyama aliyepotea, maswali yanageuka. Atakunywa wapi? Akijisaidia si watamnusa? Mkia wake si utaonekana? Mmoja aliwahi kuniuliza kama mwanambweha akilala mchana atajuaje kuwa usiku umefika, akang'ang'ania mpaka kengele ikalia.

Nilichokuja kuamini ni hiki. Hadithi ya kujiokoa inahitaji wazazi wasiwepo, la sivyo hakuna hadithi. Kwa binadamu, wazazi kutokuwepo ni msiba au ni dhambi ya mtu. Kwa mnyama, kuachana na mama ni sehemu ya kukua, hakuna wa kulaumiwa. Hapo mtoto anapata ruhusa ya kubaki peke yake kichwani bila kumkosea mama yake aliyelala chumba cha pili.

Halafu kuna suala la kimo. Mtoto anaishi kwenye dunia ya majitu: viti virefu, vitasa vya juu, maamuzi yamekatwa kabla hajaulizwa. Nguchiro chini ya mwewe anaijua hali hiyo.

Mganga wa Mifugo

Mwalimu kaongea. Mimi naleta ya kitaalamu kidogo, samahanini.

Mleta uzi, nguchiro wako ni wa aina gani? Kama ni wale wenye miraba mgongoni, hao wanaishi kwa makundi na huko peke yake hana maisha marefu. Na lile yai hakuhitaji kushindwa nalo. Nguchiro miraba akipata kitu chenye gamba gumu anakipeleka kwenye jiwe, anageuka, anakirusha nyuma katikati ya miguu yake kama anayerusha mpira kinyumenyume, kinapasuka. Mweleze binti, ataruka kitandani.

Kingine: watoto wa nguchiro miraba wakianza kutoka shimoni, kila mmoja hujishikiza kwa mkubwa mmoja wa kundi, ambaye si lazima awe mzazi wake. Anamfuata mguu kwa mguu, analishwa naye, analindwa naye. Kwa hiyo nguchiro wako kama ni mdogo hivyo, anayemlilia usiku huenda siye mama. Ni yule mlezi wake.

Mtumbwi sina maoni nao.

Baba Nguchiro

Mganga, hilo la mlezi limenipiga. Naliweka akiba.

Msomaji wa Usiku

Swali la pili la mleta uzi ndilo tamu, na jibu lake nadhani liko kwenye mipaka ya mwili.

Kuna riwaya ya sungura, Watership Down, iliyotoka Uingereza mwaka 1972. Richard Adams alianza kuisimulia kwa mabinti zake wawili ndani ya gari safarini, wao ndio wakamshikilia aiandike, na wachapishaji kadhaa wakaikataa kabla haijapata wa kuichapa. Wale sungura wana lugha, wana ngano zao, yupo hata anayeota mambo ya mbele. Lakini hesabu yao inaishia nne. Kitu chochote zaidi ya nne ni "vingi", neno moja, iwe watano au elfu. Mtunzi alisoma kitabu cha mtaalamu wa viumbe R. M. Lockley kuhusu maisha ya sungura, na inaonekana: wanachimba wanavyochimba sungura, wanaganda kwa hofu wanavyoganda sungura.

Hapo ndipo ninapoona kanuni. Ndani ya kichwa cha mnyama msimulizi ana uhuru. Mpe maneno, mpe huzuni, mpe bibi wa kumkumbuka. Akitoka nje ya kichwa, sheria za mwili zinashika. Sungura anaweza kusema "mlango umefungwa", hawezi kufungua komeo. Mtoto hajaisoma kanuni hii popote ila anaisimamia kuliko hakimu. Mtumbwi wako ulikuwa mkono wa mtu ulioingizwa kwenye hadithi isiyo na mikono.

Mzee wa Hoja

Naona mnapongezana sana. Niruhusuni niwe mwiba.

Hizi hadithi ni uongo zaidi ya mnavyokiri, na ugomvi wake ni wa zamani. Mwaka 1903 John Burroughs, mwandishi wa mambo ya asili huko Marekani, aliandika makala kali kwenye jarida la Atlantic Monthly akiwashutumu waandishi wa hadithi za wanyama pori kwa kuwauzia watu chai kwa jina la ukweli. Alimtaja Ernest Thompson Seton, akamtaja William J. Long. Long hakurudi nyuma. Mwaka huohuo alieleza habari ya ndege mmoja mwenye mdomo mrefu aliyevunjika mguu, akaufunga mwenyewe kwa udongo na nyasi kama plasta ya hospitali. Ugomvi ukaendelea miaka, hadi 1907 Rais Theodore Roosevelt naye akaingia hadharani upande wa Burroughs. Rais wa nchi, anabishana kuhusu ndege na plasta!

Hoja yangu: porini hakuna shujaa. Yupo aliyeliwa na aliyekuwa bado hajaliwa. Tukimfundisha mtoto kuwa mwenye moyo mkuu ndiye anayepona, tunamtendea vibaya, maana siku moja atamwona mwenye moyo mkuu akifa.

Msomaji wa Usiku

Mzee wa Hoja, umekuja kunipinga ukaniongezea kuni. Ile plasta ya udongo si ndio mtumbwi wenyewe? Ndege akifikiri "naumia", msomaji yuko naye. Akishika udongo na kujifunga bendeji, mtumbwi umefika.

Mzee wa Hoja

Hiyo nakupa. La shujaa sikupi.

mama_wawili

Mimi si msomi wa haya mambo, nasema ya nyumbani kwangu.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitano nilimwekea ile filamu ya katuni ya Bambi, mtoto wa kulungu, ya mwaka 1942. Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya mama. Wanakimbia kwenye theluji, mlio wa bunduki, kisha yule mtoto anaita na hakuna anayeitika. Mwanangu akaanza kulia, kilio kile cha kukata pumzi. Nikaruka nikazima, nikamkumbatia, nikaapa sirudii.

Usiku akaota. Usiku wa pili akaota tena. Siku ya tatu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bado yuko pale kwenye theluji?"

Jamani. Siku tatu nzima mtoto wangu alikuwa amemwacha yule mnyama amesimama kwenye baridi, kwa sababu mimi nilizima. Tukakaa tukaitazama mpaka mwisho. Majani yakaota, yule mdogo akaota pembe, mtoto akalala fofofo. Kwa hiyo kwangu tishio halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukatiza.

Na angalieni, mama haonyeshwi akifa. Mlio tu na theluji. Walioitengeneza walijua mtoto ataujaza mwenyewe kwa kiasi anachoweza kubeba.

Kobe Mkavu

Tuongeze kwamba kitabu chenyewe cha Felix Salten, cha mwaka 1923, hakikulenga watoto. Ni kigumu kuliko filamu. Kama ilivyo ile riwaya ya farasi ya Anna Sewell, Black Beauty ya 1877: mama wa watu aliumia kifundo cha mguu akiwa na miaka 14, hakutembea vizuri tena, maisha yake yakategemea magari ya farasi, akaandika ili wanaotunza farasi wawahurumie. Watu walilalamikia zile hatamu za kukaza shingo baada ya kuisoma. Alifariki 1878, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka. Watoto ndio waliokichukua na kukifanya chao.

Inanifurahisha hii. Wakubwa wanaandikiana wenyewe, watoto wanakuja kuchukua kinachowafaa na kuondoka nacho.

Takwimu Tamu

Kwa kuwa Mzee wa Hoja yuko peke yake nitamsaidia, ingawa simpendi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walitoa utafiti mwaka 2017. Watoto wa miaka minne hadi sita walipewa stika, wakaombwa kumgawia mtoto mwingine asiyekuwa nazo. Kisha wakasomewa kitabu kuhusu kugawana. Kundi moja wahusika ni watu, jingine hadithi ileile ila wahusika ni wanyama waliovaa nguo. Wakagawa tena. Waliosomewa kitabu cha watu walitoa zaidi ya mwanzo. Waliosomewa cha wanyama hawakupanda, walishuka.

Kwa hiyo wale wanaosema "mnyama humfundisha mtoto tabia njema" wajipange upya.

Mwalimu wa Wadogo

Takwimu, utafiti huo naujua na haunisumbui hata kidogo. Ule ulikuwa mkutano wa nidhamu uliovalishwa mkia. Mnyama mwenye suruali anamwambia mtoto "gawa vitu vyako", mtoto anaona pale hapamhusu.

Hadithi ya kujiokoa haimwambii mtoto awe mwema. Inamuuliza: maji yamefika hapa, wewe ungefanyaje? Mtoto akisikia swali anaanza kazi. Nimeona watoto wasioandika hata sentensi mbili wakichora ramani ya pango zima, chumba cha akiba, tundu la dharura nyuma.

Tabia njema tutaifundisha kwa njia nyingine. Kwanza na sisi wenyewe tugawane stika.

Mjukuu wa Msimulizi

Nashangaa tumefika huku hakuna aliyegusa zetu. Mnamkumbuka kima na papa?

Kima anamrushia papa matunda kila siku, urafiki umenoga, papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Katikati ya bahari papa anamwambia ukweli: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Hapo kima hana pembe, hana meno ya kumshinda papa, kuogelea hajui. Anasema taratibu: ungeniambia mapema ningeubeba, sisi kima mioyo yetu tunaiacha mitini. Papa anageuza kumrudisha akauchukue! Edward Steere aliichapa mwaka 1870 kwenye mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja, na chimbuko lake ni mbali zaidi, imesafiri kutoka Bara Hindi.

Kwangu hiyo ni hadithi kamili ya kubaki hai, na kanuni ya Msomaji imo ndani: kima hakuota mapezi. Alitumia alichokuwa nacho, yaani ulimi.

Halafu Mzee wa Hoja, kima akishafika mtini anakataa kushuka, anamsimulia papa habari ya punda wa dobi. Punda aliitwa kwa simba mara ya kwanza, akaponea chupuchupu. Akaitwa tena, akaenda. Akaliwa. Sungura aliyekula moyo na masikio yake akajitetea kwamba punda yule hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Mashujaa mioyo mikuu wako wapi hapo? Hadithi zetu hazikuwahi kumdanganya mtoto kuwa kila mnyama anapona. Papa mwenyewe anasimuliwa habari ya aliyeliwa.

Mzee wa Hoja

Mjukuu, hapa nimekaa chini. Ila bado kuna tofauti. Sungura na kima ni wajanja, tunawacheka na kuwashangilia. Nguchiro wa mleta uzi si mjanja, ni mwenye kuvumilia. Nikimsikiliza kima nataka kuwa yeye. Nikimsikiliza nguchiro nataka afike asubuhi. Si hamu moja.

Mjukuu wa Msimulizi

Kweli. Hiyo sikuwa nimeiona.

Chiriku

Watu wamekaa chini, watu wamepeana pointi. Uzi gani huu usio na matusi?

Pwani Kuu

Na wale wa kweli? Desemba 2004, baada ya ile tsunami, kiboko mchanga aliyepotezana na wenzake alikutwa amekwama kwenye miamba ya bahari karibu na Malindi. Ilichukua watu wengi na kamba kumtoa, wakamwita Owen kwa jina la mmoja wa waokoaji. Akapelekwa Haller Park, Mombasa, akashuka garini akakimbilia moja kwa moja nyuma ya kobe mkubwa aliyekadiriwa umri wa miaka 130 hivi, jina lake Mzee. Vitabu vya watoto vikaandikwa, vikasomwa duniani kote.

Nimewasomea wanangu mara zisizohesabika. Sehemu wanayoitaka irudiwe si ya kulala pamoja wala kuogelea pamoja. Ni pale mwanzo Mzee anapomfyonya na kujivuta aende zake, na kiboko anamfuata tena. "Soma alivyomkataa!" Wanataka kusikia kwamba alikataliwa kwanza.

Na hapo binadamu walikuwepo na kamba zao, wala hakuna mtoto aliyeniuliza kamba zimetoka wapi. Kwa hiyo Msomaji, mkono wa mtu si mwiko.

Msomaji wa Usiku

Pwani Kuu umenibana. Ngoja nifikiri.

Nadhani tofauti ni pale mkono unapoingia. Kwa Owen, watu wako mwanzoni, wamemtoa kwenye mwamba, wamemwacha mbele ya kobe. Tatizo lake la kweli, kwamba hana mtu, hawakulitatua wao. Kwa nguchiro, mtumbwi ulikuja mwisho na ukala kila kitu: yai, kichuguu, mwewe, usiku zote ishirini. Binti alikuwa amemsaidia kufikiri wiki tatu, mvuvi akaja akamnyang'anya kazi. Mimi ningegeukia ukutani pia.

mama_wawili

Ni kama ile "na kumbe ilikuwa ndoto tu". Wanangu wakiisikia hiyo wananitazama kama nimeiba.

Baba Nguchiro

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana nilimwomba radhi. Nikamwambia mtumbwi haukuwepo, baba alisinzia. Akauliza, "Kwa hiyo bado yuko kwenye kichuguu?" Nikasema bado yuko, maji yamefika nusu. Akajisogeza karibu, ugomvi umekwisha.

Nikamweleza la yai na jiwe. Mganga, ulisema ataruka, aliruka kweli, nikabaki natafuta mto mmoja wa kitanda ambao mpaka asubuhi ulikuwa nyuma ya kabati. Kisha nikamwambia la mlezi. Akatulia. Akaniuliza mlezi wa yule nguchiro alikuwa nani, nikasema sijui, tuseme ni nani? Akasema ni dume mzee mwenye sikio lililochanika, ambaye hapendi kelele.

Baada ya hapo mimi sikusimulia tena. Kasimulia yeye. Kichuguu kina mchwa, kwa hiyo chakula kipo. Anakula upande wa juu ili asibomoe pa kukanyaga. Usiku anaita mara tatu kisha ananyamaza, kwa sababu akiita sana mwewe atajua. Nikamkumbusha kwamba usiku mwewe hulala. Akasema basi bundi.

Nikajaribu kuteleza. Nikasema labda sasa hivi yule dume mzee amesikia? Akanikatalia. "Bado. Maji hayajashuka, atapitaje?"

Mganga wa Mifugo

Bundi ni sahihi. Mchwa pia ni sahihi. Muulize kama anataka kazi.

Chiriku

Huyo nguchiro anaitwa nani lakini? Wiki tatu mnamwita nguchiro nguchiro.

Baba Nguchiro

Nilimuuliza hilo siku ya kwanza. Akasema hana jina, atapewa akirudi kwao.